Hakujitoa, Mmempoteza Nyinyi



Wiki hii mnisamehe, sitaandika kuhusu PHP wala namna ya kufufua tarakilishi iliyojaa virusi. Kuna neno moja limenikera muda mrefu na leo nalitoa moyoni. Neno lenyewe ni "amejitoa".

Utalikuta katika ripoti za majaribio ya tiba, hasa yale yanayochukua miaka. Nitachukua majaribio ya kiharusi, kwa sababu huko ndiko neno hili linakofanya madhara zaidi. Kwa ambaye hajawahi kuyasikia: watu waliopata kiharusi wanagawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja linapewa tiba mpya, jingine linaendelea na tiba ya kawaida au linapewa tembe zisizo na dawa ndani. Wote wanafuatiliwa miaka miwili, mitatu, hata mitano. Mwishoni watafiti wanahesabu: nani amepata kiharusi cha pili, nani anatembea mwenyewe, nani amefariki. Tangu mwaka 1996 kuna mwongozo unaoitwa CONSORT unaotaka kila ripoti iwe na mchoro wa visanduku: wangapi waliingia, wangapi walifika mwisho. Na pembeni mwa mchoro huo kuna kile kisanduku cha aibu. Walijitoa. Walipotea.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Eti wagonjwa wa huku kwetu hawaelewi maana ya utafiti. Eti wakipata nafuu kidogo wanatoroka. Eti wanakimbilia waganga na maombi. Mimi nasema hivi: wengi wao hawakujitoa hata kidogo. Mfumo ndio uliowaacha njiani, kisha ukawaandikia kosa. Na mfumo huo, ndugu zangu wa kompyuta, tunauandika sisi.

Miaka michache iliyopita nilipewa kandarasi ndogo na taasisi moja ambayo sitaitaja, nitengeneze hifadhidata ya kufuatilia wagonjwa wa muda mrefu. Nikatumiwa maelezo ya kazi. Sehemu ya kwanza: nambari ya simu ya mgonjwa, ni lazima, tarakimu kumi, na isijirudie. Someni tena hapo. Isijirudie! Maana yake mzee na mke wake wanaotumia simu moja ya binti yao hawawezi kusajiliwa wote wawili. Wa pili anakataliwa na programu mlangoni, au karani anambunia nambari ili kisanduku kikubali. Ujumbe wa kukumbusha ziara ulikuwa kwa Kiingereza, unatumwa saa tatu usiku. Na hili ndilo lililonimaliza: mtu akikosa ziara mbili mfululizo, programu yenyewe inabadilisha hali yake kutoka "anaendelea" hadi "amejitoa". Mistari minne ya kodi. Hakuna aliyempigia, hakuna aliyefika kwake, hakuna aliyeuliza kama yuko hai. Niliandika barua pepe mbili kupinga, nikajibiwa kwamba fomu imetoka ng'ambo na haibadilishwi. Nikawaachia kandarasi yao.

Basi tuje nyumbani. Mimi ni wa Kiriaini. Kwa wasiopajua, ni mji mdogo wa Mathioya, kaunti ya Murang'a, ila Othaya ya Nyeri ni jirani na watu wetu huenda huko kwa shughuli zao kama wanavyokwenda Murang'a mjini. Ni nchi ya migongo na mabonde. Majani chai juu, mto chini, na nyumba nyingi ziko mahali ambapo gari halifiki mvua ya Aprili ikishika.

Tuseme kuna cucu mmoja, wa kubuni, lakini mtu wa kwetu yeyote atamtambua. Ana miaka 64, kiharusi kimempiga upande wa kulia, mguu anauburuta, na maneno yanamtoka nusunusu. Amekubali kuingia kwenye jaribio la dawa la miaka mitatu. Ziara ziko Nairobi, zaidi ya kilomita 100, saa mbili asubuhi. Ili afike lazima atoke nyumbani gizani. Hawezi kukaa kwenye boda peke yake, ashikwe na mtu kwa nyuma. Kwa hiyo ni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, boda na matatu, na anahitaji kiti cha mbele maana hawezi kujikunja kuingia nyuma. Utingo anamtazama mguu, anatazama saa, anasema subirini gari linalofuata. Binti anayemsindikiza amepoteza siku ya kuchuma, na majani chai yanalipwa kwa kilo: hukuchuma, hukupima, huna kitu. Wakifika, anapimwa presha, tembe zinahesabiwa, anaulizwa maswali arobaini kwa lugha ambayo hata aliyekuwa na ulimi mzima angeitafuna kwa shida. Anarudi na chupa nyingine ambayo hajui kama ina dawa au haina.

Ziara ya kwanza anakwenda. Ya pili, ya tatu. Ya sita binti ameolewa Kirinyaga. Ya saba inanyesha. Kwenye jedwali la Nairobi inaandikwa "amejitoa" wakati yeye amekaa barazani pake na angependa kwenda kama angepata wa kumpeleka.

Mtasema kila ugonjwa una nauli. Kweli. Lakini kiharusi kina ukatili wake wa pekee: kinachukua vilevile vitu ambavyo mfumo unavitegemea kumpata mtu. Unampigia simu, ulimi umekufa ganzi. Unamtumia ujumbe, kidole hakibonyezi na jicho moja halioni vizuri. Unamwambia akumbuke tarehe, kumbukumbu ndiyo iliyoguswa. Na takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopona kiharusi hupatwa na sonona, ile huzuni nzito ambayo kwetu haina jina la hospitali. Mtu anasema tu "nimechoka". Nani ataandika "nimechoka" kwenye fomu yenye chaguo nne tu: amefariki, amehama, amekataa, amepotea?

Simu nazo tunazijua. Nambari aliyoandikisha ni ya mjukuu, mjukuu amehamia Thika kutafuta kazi. Au laini imekaa muda bila kutumika, kampuni imeigawa upya, na sasa nesi wa utafiti anamwuliza kijana wa Kisumu kama amekunywa dawa zake za presha. Jina nalo: kwenye kitambulisho ni jina la ubatizo na la ukoo, lakini ukifika kijijini ukiliuliza utazunguka mpaka jua lizame. Huku mtu hujulikana kwa mtoto wake wa kwanza, na kwa kituo cha kununulia majani chai anachopeleka. Nambari ya nyumba haipo, jina la barabara halipo, lakini kila mtu ana kituo chake cha majani chai. Hiyo ndiyo anwani yetu, na hakuna fomu niliyoiona inayoiuliza.

Mtu anaweza kuuliza: sasa wakikosekana wachache kuna hasara gani, si tuhesabu waliobaki? Hapa naomba mtulie, tufanye hesabu. Nambari nimezibuni ili zihesabike kirahisi. Watu 100 wanapewa dawa mpya, 100 tiba ya kawaida. Dawa mpya inaleta kizunguzungu, kwa hiyo baada ya miaka mitatu wanaoonekana kliniki ni 60 upande wa dawa mpya na 80 upande wa pili. Kati ya wale 60, wanaotembea wenyewe ni 45, yaani asilimia 75. Kati ya wale 80 ni 48, asilimia 60. Shangwe! Dawa mpya inashinda! Sasa nenda vijijini uwatafute waliokosekana. Kwenye wale 40 wa dawa mpya wanaotembea ni 10 tu, maana aliyebaki nyumbani ni yule asiyeweza kuja. Kwenye wale 20 wa upande wa pili ni 10. Jumla: 55 dhidi ya 58. Dawa haikushinda kitu. Na wewe umeshaiandikia kijiji kizima.

Umeona lilipo tatizo? Kama waliopotea wangekuwa mtu yeyote tu, ungepunguza idadi, basi. Lakini katika kiharusi anayepotea kwanza ni aliyeumia zaidi. Tundu kwenye jedwali lako lina umbo la ugonjwa wenyewe. Kuna waliozoea kuliziba kwa kunakili jibu la mwisho la mgonjwa: alionekana mara ya mwisho mwezi wa tatu akiwa anatembea, basi mpaka mwezi wa thelathini na sita tumhesabu anatembea. Mtaalamu wa wavuti atacheka, maana hilo ni sawa na kusoma habari za leo kwenye nakala ya zamani ya ukurasa iliyobaki katika kivinjari. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti nzima kuhusu taarifa zinazokosekana kwenye majaribio mwaka 2010, na mkazo wake ni kwamba kazi kubwa ifanywe mapema, wakati wa kuupanga utafiti, watu wasikosekane tangu mwanzo. Hakuna kanuni ya takwimu itakayokwambia cucu yuko wapi.

Wanaosema haiwezekani kuwashika watu wote nawapa mifano. Jaribio kubwa la kimataifa la kiharusi, IST, lililochapishwa mwaka 1997, lilikuwa na wagonjwa 19,435 katika nchi 36, na zaidi ya asilimia 99 walijulikana hali yao baada ya miezi sita. Enzi zile hakuna simu za kisasa, jamani! Siri yake ilikuwa unyonge wa fomu. Daktari alipiga simu moja kumwandikisha mgonjwa, karatasi chache, baadaye barua au simu yenye maswali machache ambayo hata ndugu angeweza kujibu. Uingereza wakafanya FOCUS, wagonjwa 3,127, matokeo mwaka 2018, wakiuliza kama dawa ya fluoxetine inasaidia mtu arudishe nguvu baada ya kiharusi. (Haikusaidia.) Baada ya miezi sita walikuwa na majibu ya asilimia 99.3. Fomu ilitumwa kwa posta, isiporudi wanapiga simu. Mgonjwa hakusafirishwa kila mara ili aulizwe kama anaweza kuvaa shati mwenyewe.

"Ah, hao wana posta na daktari wa familia." Nilijua mtasema. Basi njooni Kilimanjaro. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006 watafiti wa Tanzania na Uingereza walihesabu viharusi vyote vipya katika wilaya ya Hai, watu 159,814, na sehemu ya Dar es Salaam yenye watu 56,517. Walipata 453 Hai na 183 Dar. Baada ya kusawazisha umri, ilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na Dar 315.9, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingi tajiri. Halikuwa jaribio la dawa, sidanganyi mtu, lakini ugumu wa kuwapata watu ni uleule, na waliopata kiharusi Hai waliendelea kufuatiliwa miaka baadaye. Waliweza kwa sababu hawakukaa hospitali wakisubiri. Walitegemea sensa iliyokuwa tayari inafanyika huko na watu wanaoishi palepale vijijini, wanaojua nani kaanguka, nani kazikwa. Aliyefariki kabla ya kuonwa, familia yake ilihojiwa ili ijulikane kilichomuua.

Na sisi Kenya tunao watu hao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wakapewa mikoba yenye vipima presha, na simu za kuandikia taarifa. Ukiniuliza mimi, ziara sita kati ya nane za yule cucu zingefanyika kwenye baraza lake mwenyewe, na huyo mhamasishaji alipwe na mwenye utafiti kwa kazi hiyo, asitumwe bure kwa jina la kujitolea.

Sasa nigeukie ndugu zangu wa programu za simu, maana najua kuna mtu hapa ameshaanza kuchora nembo. Tulia. Hakuna kinachonichosha kama kikao cha wabunifu ambapo tatizo lolote linajibiwa na programu ya simu yenye kengele. Kengele humsaidia aliyesahau. Asiye na nauli unamwamsha tu ili akumbuke kwamba hana nauli. Mfano mzuri wa simu tunao hapahapa, na wengi wenu hamuujui. WelTel, utafiti wa dawa za virusi vya ukimwi Nairobi na Kajiado, watu 538, ulichapishwa mwaka 2010. Kila wiki mgonjwa alipata ujumbe mmoja: "Mambo?" Anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida anapigiwa na nesi. Asiyejibu anapigiwa pia. Basi! Waliokunywa dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, kundi la kawaida asilimia 50. Tazama ufundi wake: ujumbe haukukumbusha kitu, uliuliza. Na kimya kilihesabiwa kuwa jibu. Kwa mgonjwa wa kiharusi ningebadilisha mawili: swali liende kwa anayemtunza, na liwe simu ya sauti kwa Kikuyu, si maandishi.

Nauli je? M-Pesa ipo tangu 2007. Utafiti mwingi unarudishia mtu nauli akifika, yaani akope kwanza. Tuma siku mbili kabla ya ziara, ya watu wawili, na fidia ya siku ya kuchuma. Kamati za maadili zinaogopa, kwa haki, kwamba fedha isiwe hongo ya kumvuta maskini. Lakini nauli ya kwenda unakoitwa si hongo.

Kuna wanaojitoa kweli, na hao wana haki kamili. Mtu akisema sitaki tena, imekwisha, asifuatwe na chifu wala asisumbuliwe na simu. Kwa sababu hiyohiyo nachukia kisanduku kimoja. Kuacha tembe ni jambo moja, kuacha kuja kliniki ni la pili, kukataa usiulizwe tena habari zako ni la tatu. Ziwe safu tatu katika jedwali, kila moja na tarehe yake na jina la aliyeandika. Anayedhani nachambua nywele aangalie ESPRIT ya mwaka 2006, wagonjwa 2,739 walioshapata kiharusi au dalili zake, wastani wa ufuatiliaji miaka mitatu na nusu. Waliopewa aspirini pamoja na dipyridamole, 470 kati ya 1,363 waliacha tembe, wengi kwa maumivu ya kichwa. Wa aspirini peke yake waliacha 184 kati ya 1,376. Theluthi nzima imeacha dawa! Kwa hifadhidata niliyoikataa mimi, hao wote wangekuwa "wamejitoa" na utafiti umekufa. Wao waliendelea kuwahesabu katika kundi walilopangiwa, na jibu likapatikana: mchanganyiko ule ulizuia matukio zaidi kuliko aspirini pekee.

Na ukimbana mtu abaki kwa nguvu, utapata uongo. FEM-PrEP ulikuwa utafiti wa tembe za kuzuia virusi vya ukimwi kwa wanawake, Bondo ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ukasimamishwa Aprili 2011. Washiriki walisema wamekunywa tembe asilimia 95 ya wakati. Damu ilipopimwa, waliokuwa na dalili ya kuzinywa siku za karibuni hawakufika asilimia 40. Kwenye daftari walikuwapo.

Mwisho, waliopotea watafutwe. Si lazima wote. Kliniki ya Mbarara, Uganda, ilikuwa na wagonjwa 3,628 walioanza dawa za virusi vya ukimwi kati ya 2004 na 2007, na 829 wakapotea. Watafiti wakachagua 128 kati ya hao, wakatuma mtu awatafute nyumbani. Habari za 111 zilipatikana, na 32 kati yao walikuwa wamekufa. Wameandikwa wamepotea, kumbe wako kaburini. Walio hai walipoulizwa mbona hawaji, waliyoyataja zaidi ni pamoja na usafiri na fedha. Walitafutwa, na kile kisanduku cha aibu kikapata majibu.

Kwa hiyo mwenye kuandika mfumo wa aina hii, safu zangu ni hizi: simu tatu zinazoruhusiwa kujirudia, kila moja na jina la mwenye nayo, jina analoitwa kijijini, kituo cha majani chai, au soko, au kanisa, anayemtunza sasa, na tarehe ya mwisho kuthibitishwa kwamba bado ndiye. Hali ya mgonjwa ibadilishwe na mtu mwenye jina, kamwe isibadilishwe na programu usiku wa manane. Majedwali nimeyachora kwenye MySQL, si makubwa. Anayeyataka aniandikie barua pepe nitamtumia, ila msinitumie kwenye Hotmail, ile nilishaisahau nywila.